Stendi ya kubalansi tairi za ndege ndogo: shajara ya mradi, Arusha

Jumamosi ya kwanza

Naanza kuandika leo maana nisipoandika nitasahau vipimo, na kuna wenzangu wawili wa kwenye hanga wameshaniomba niwawekee hatua zote. Ndege yenyewe ni Cessna 182, kazi yake kubwa ni kwenda na kurudi kwenye viwanja vya porini, na lalamiko la rubani ni lile lile la miezi miwili sasa: akitua kwenye vumbi na changarawe hasikii kitu, akirudi Arusha kwenye lami, pua ikigusa tu chini dashibodi nzima inatetemeka mpaka namba za dira hazisomeki. Nimekaa naye kiti cha kulia nikajionea mwenyewe, mtetemo unaanza ukiwa mkali halafu unapungua kadiri mwendo unavyoshuka, ikifika mwendo wa kutembea kuelekea maegesho umeisha kabisa.

Kwenye changarawe kila kitu kinatetemeka kwa hiyo huwezi kujua tairi linasema nini. Lami ndiyo inayosema.

Mzee wetu wa hanga, injinia mwenye leseni ambaye ndiye anayesaini, nilipomwambia nataka kutengeneza stendi ya balansi, yaani ya kutafuta upande mzito wa tairi, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Sawa kijana, lakini balansi iwe ya mwisho. Anza na vinavyolegea." Na yuko sahihi, nimeshaona watu wanabandika risasi (vipande vya uzito vya kubalansi) kwenye rimu kuficha ubovu wa kitu kingine, unatulia wiki mbili halafu unarudi na safari hii umeshakula bushi, zile pete za kushikia boliti.

Kwa hiyo leo hatukugusa balansi. Tumeinua pua, nikashika tairi nikalisukuma kushoto kulia, kuna mchezo. Ile mikono miwili ya mkasi ya mguu wa pua, bushi zake zimelika, boliti inacheza unaiona kwa macho. Ile silinda ndogo inayozuia tairi la mbele lisiyumbe (sisi tunaiita shimi dampa) tumeifungua, mafuta yamepungua, ukisukuma fimbo yake kuna sehemu haina upinzani kabisa, yaani ni hewa. Tumejaza hayo mafuta mekundu ya haidroliki ya 5606, tumetoa hewa pole pole mpaka fimbo ikawa nzito mwanzo mwisho. Bushi mpya zipo stoo, zimefungwa. Beringi za tairi tumeosha, tumekagua, grisi mpya, nati imekazwa kama kitabu cha ndege kinavyotaka.

Jumapili

Rubani amezunguka kiwanja mara tatu. Kuyumba kumekwisha, yaani ule mkikimkiki wa tairi kwenda kushoto kulia kama toroli la sokoni haupo tena. Kilichobaki ni mtetemo mwembamba, wa haraka, na ule sasa ndio wa balansi. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana. Kuyumba ni tairi kugeuka geuka kwenye mhimili wa mguu, mtetemo wa balansi ni tairi kupiga juu chini kwa sababu upande mmoja ni mzito.

Nilipiga hesabu jana usiku. Tairi la mbele ni 5.00-5, likiwa na upepo kipenyo chake ni kama sentimita 36, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 1.13. Ukiwa kwenye noti 45 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unaenda mita 23 kwa sekunde, tairi linazunguka mara 20 kila sekunde. Sasa chukua uzito wa ziada wa gramu 30 tu pale kwenye ukingo wa rimu, sentimita 6 toka katikati: kwa mwendo huo unavuta kama kilo 3, na unavuta mara 20 kwa sekunde, juu, chini, juu, chini. Gramu 30 ni vijiko viwili vikubwa vya maji tu. Nilipoona hiyo namba nikaacha kuchukulia kirahisi.

Kuhusu kununua au kutengeneza. Kwanza nilienda gereji ya magari hapa mjini wanaobalansi kwa mashine, jamaa walinipokea vizuri ila mashine yao inaanzia rimu ya inchi 10 na koni zao zote ni za tundu la gari, rimu yetu ya inchi 5 ikawa kama kikombe cha chai kwenye sufuria ya ubwabwa. Pili kuna stendi za pikipiki za kuagiza, shafti nyembamba na koni mbili, wazo lake ni hilo hilo ninalotaka mimi, ila koni hazikutengenezwa kwa kikombe cha beringi ya ndege (ile pete ya nje ya beringi iliyokaa ndani ya rimu). Tatu kuna za ndege zenyewe za kutoka Marekani, nzuri sana, ila ukiweka bei, usafiri, na ushuru, kwa hanga lenye ndege nne haina maana. Ukiwa na kazi ya matairi kila wiki mimi nakushauri nunua tu, usipoteze muda. Sisi tunabadilisha matairi machache kwa mwaka, tunatengeneza.

Jumatano

Nimepata shafti. Hii nimefurahi nayo kuliko yote. Nilikuwa nahangaika kutafuta fimbo ya chuma iliyonyooka kweli kweli, nondo na fimbo za dukani zote ukizibiringisha kwenye kioo zinadunda. Fundi mmoja wa mashine za fotokopi akanionyesha mashine iliyokufa, ndani mle kuna fimbo ya milimita 12, imesagwa ikang'aa, nikaibiringisha kwenye meza ya kioo pale pale dukani kwake nikainama jicho likawa sawa na kioo, hakuna mwanga unaopita chini yake. Elfu 10. Kama unatafuta shafti anzia kwa watu wa fotokopi na printa kubwa, usihangaike na duka la vyuma.

Beringi nimechukua 608, zile za viatu vya matairi, tundu milimita 8 nje milimita 22, zinapatikana kila mahali, nne kwa elfu 12.

Alhamisi na Ijumaa

Fremu. Engo ya chuma, miguu miwili na kitako, imechomelewa na kijana wa mtaa wa Unga Limited, kazi safi, nilimwomba achomelee huku vyote vimefungwa kwenye ubao mmoja ili isijikunje kwa moto, na haikujikunja. Chini nimeweka boliti nne za kurekebisha kimo ili nipate usawa wa pima maji hata sakafu ikiwa mbovu.

Beringi niliziweka vibaya mara ya kwanza. Nilipitisha ncha za shafti, nilizozisaga mpaka milimita 8, ndani ya beringi, kila upande moja, kama ekseli ya kawaida. Nikaweka tairi, nikabandika risasi ya gramu 5 ubavuni, tairi halikusogea. Gramu 10, halikusogea. Gramu 15 ndio likaanza kwenda kivivu. Sasa stendi isiyosikia gramu 10 ya nini? Shida ni grisi na zile mpira za kuzuia vumbi, beringi mpya inakaza.

Nimebadilisha hivi: kila upande beringi mbili zimekaa bega kwa bega zikiacha bonde katikati, na shafti inalala tu juu kwenye hilo bonde, haijafungwa na kitu. Shafti ikizunguka inazungusha beringi kama roli. Nimetoa mipira yote kwa ncha ya kisu, nimeziosha kwa petroli mpaka zikawa zinalia kavu, halafu tone moja moja la mafuta ya cherehani. Ukiipuliza kwa mdomo inazunguka inachukua muda mrefu kusimama. Sasa gramu 3 inaonekana! Tairi linaondoka pole pole kama mtu anayeamka, linashuka, linapita, linarudi, linatulia.

Kitu kingine, funga milango ya hanga. Mchana upepo wa huku Kisongo unaingia na ukigusa tairi basi unabalansi upepo. Mimi nafanya asubuhi.

Jumamosi ya pili

Leo ndiyo siku iliyonifundisha, nitaiandika kwa kirefu.

Koni mbili za alumini zilikuja toka kwa fundi wa kukereza. Wazo langu lilikuwa zinaingia kila upande wa rimu zinakaa kwenye kikombe cha beringi, zinashika katikati, basi. Nikafunga tairi, likazunguka likasimama, sehemu nzito chini. Nikaweka alama ya chaki juu, nikabandika risasi kidogo kidogo mpaka tairi likawa linabaki popote nilipoliacha. Gramu 40. Nikafurahi, nikamwita Mzee.

Mzee akaangalia, akazungusha kwa kidole, akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Umejuaje kama hiyo gramu 40 ni ya tairi na siyo ya stendi yako?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia legeza koni, tairi libaki pale pale, shafti na koni zake zigeuze nusu mzunguko, kaza tena. Kama tairi ndilo zito, sehemu nzito itabaki sehemu ile ile ya tairi. Kama kosa liko kwenye stendi, sehemu nzito itahama.

Ikahama. Siyo yote, ila ilihama. Nikatoa risasi zote nikaanza upya nikiwa nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye shafti na kwenye rimu, upande huu gramu 40, nikigeuza koni nusu mzunguko gramu 24. Kwa hiyo ukweli uko katikati, 32, na stendi yangu yenyewe inadanganya gramu 8 kila upande.

Nikachukua venia (kipimo cha sehemu ndogo za milimita) nikapima koni. Tundu la shafti halikuwa katikati kabisa, fundi alikereza nje, akaitoa kwenye mashine, akaigeuza, halafu ndio akatoboa. Kosa kama la sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, kwa macho hulioni. Lakini fanya hesabu: tairi, tyubu na rimu kwa pamoja ni kama kilo 6. Ukilisogeza lote milimita 0.1 toka kwenye katikati yake, ni gramu 6,000 mara 0.1, yaani 600, gawa kwa milimita 60 ambapo risasi inakaa, unapata gramu 10. Sehemu ya kumi ya milimita inakupa uongo wa gramu 10! Mtu atabandika risasi kwa imani safi kabisa na ndege inaweza kutetemeka zaidi ya mwanzo.

Kwa hiyo nawaomba, kama hamtakumbuka kitu kingine humu kumbukeni hiki, geuza shafti nusu mzunguko upime mara ya pili, kila tairi, kila mara, hata kama stendi umenunua dukani kwa dola.

Jumanne

Nimeachana na koni. Badala yake nimechongesha bushi mbili za alumini zinazoingia ndani ya beringi za tairi lenyewe. Tundu la beringi ya tairi la mbele nililipima likasoma milimita 31.75, inchi 1 na robo kamili, kwa hiyo bushi nje ni hiyo hiyo iingie kwa kusukuma na kidole gumba, ndani milimita 12 ya shafti. Hivi tairi linakuwa limeshikwa na beringi zile zile linalozungukia likiwa kwenye ndege, na siyo kwenye ukingo wa kikombe ambao hata haukutengenezwa kubeba kitu, na pia koni ya alumini haikwaruzi njia ya beringi. Unakaza taratibu kwa nati mbili za pembeni, kiasi tu beringi zisizunguke, vyote viende pamoja na shafti.

Safari hii nilienda mwenyewe kwa fundi nikasimama pembeni. Nilimwambia, "Kaka, nje na ndani ukereze bila kuitoa kwenye mashine, ukishaifunga usiiguse mpaka imekwisha." Akaniangalia, akasema ungesema tangu mwanzo. Ni kweli, sikumwambia. Ile chipsi ya alumini ilikuwa inatoka ndefu inajikunja kama ganda la chungwa, akapima, akatoa kidogo, akapima, akaingiza beringi yangu ikateleza ikakaa bila sauti. Elfu 40 zote mbili na sijutii hata senti.

Jaribio la kugeuza nusu mzunguko: gramu 32, gramu 31. Hapo sasa tunaongea.

Jumatano

Gramu 32 kwa tairi dogo hivi ni nyingi, ikabidi nijiulize zinatoka wapi. Nikaangalia tairi vizuri. Kwenye ubavu wa tairi la ndege kuna nukta nyekundu, ile ni alama ya kiwanda kwamba hapa ndipo tairi lilipo jepesi zaidi. Kanuni ya watengenezaji, Michelin na Goodyear wote, ni kwamba nukta ikae sawa na alama ya uzito ya tyubu, ule mstari wa njano, na kama tyubu haina mstari basi nukta ikae sawa na valvu, kwa sababu valvu ndio uzito. Jepesi linakutana na zito.

Tyubu yetu haina mstari. Na nukta ilikuwa upande wa pili kabisa wa valvu. Yaani aliyefunga tairi, na halikufungwa hapa kwetu, aliweka uzito wa valvu na uzito wa tairi upande mmoja.

Tukafungua. Hapa naomba niseme kwa herufi kubwa moyoni ingawa naandika ndogo: rimu ya ndege ni vipande viwili vilivyoshikwa na boliti, ukilegeza boliti zile tairi likiwa na upepo, rimu inapasuka kama bomu na imeshaua watu. Toa upepo wote, toa na sindano ya valvu kabisa uiweke mfukoni, bonyeza tairi kwa mkono uone limelegea, ndipo ushike spana. Mzee hata kama amekuona ukitoa upepo atakuuliza sindano iko wapi, na lazima umwonyeshe.

Ndani unga wa poda ulikuwa umekwisha, tyubu imegandia sehemu. Tumeifuta, poda mpya, tairi tumelizungusha nukta ikaja kwenye valvu, rimu imefungwa, boliti kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye rimu yenyewe. Upepo tumejaza, tukatoa wote, tukajaza tena, ili tyubu isibaki na mikunjo na hewa iliyonaswa nje ya tyubu itoke. Halafu tukaliacha lilale mpaka kesho, tyubu na tairi vijinyooshe, ukibalansi saa ile ile unabalansi mkunjo.

Alhamisi asubuhi

Upepo ulishuka kidogo usiku kama ilivyotegemewa, nikaongeza. Kwenye stendi: gramu 9 na gramu 10 baada ya kugeuza. Toka 32 mpaka 10 bila kubandika hata risasi moja, ni kugeuza tairi tu lifuate nukta!

Nikapangusa rimu kwa asetoni, nikabandika risasi mbili za gramu 5 za kubandika, zile za gereji ya magari, upande wa ndani wa rimu sehemu pana isiyogusana na uma wa mguu, nikazungusha kuhakikisha nafasi ipo. Mzee akaangalia kwenye kitabu cha rimu, akaafiki, akaandika kwenye kumbukumbu za ndege. Matairi makuu itabidi tuwe waangalifu zaidi, yale yana diski ya breki na joto lake linalegeza gundi, risasi ikae mbali na diski.

Jaribio la mwisho: naliacha tairi alama ikiwa juu, linabaki. Alama chini, linabaki. Alama pembeni kulia, linabaki. Nikasubiri dakika nzima, halijasogea.

Ijumaa

Nimekaa tena kiti cha kulia. Tumetoka porini, tumetua Arusha saa 4 asubuhi, upepo umetulia. Rubani alishika pua juu kadiri ilivyoweza kukaa, ikashuka yenyewe, nikawa nakodolea dira. Namba zinasomeka. Kuna mtetemo mdogo mwanzoni pale pua inapogusa, kama sekunde moja, halafu kimya. Rubani hakusema kitu mpaka tumesimama kwenye maegesho, akazima injini, akanigeukia akasema, "Bwana mkubwa, hiyo stendi yako niwekee matairi ya nyuma pia."

Ile sekunde moja nataka kuijua inatoka wapi. Nadhani tairi lenyewe halijawa duara kamili, tulipolizungusha kwenye stendi nikiwa nimeshikilia chaki pembeni ilikwaruza sehemu moja tu, kwa hiyo pale pamevimba kidogo, na hilo balansi haliwezi kuliondoa. Tairi likifika mwisho wake tutaona jipya litasemaje.

Gharama mpaka leo: beringi 12,000, shafti 10,000, engo na vipande vya chuma 25,000, kuchomelea 20,000, koni za kwanza ambazo sizitumii 30,000, bushi 40,000, risasi 8,000. Jumla 145,000 za Kitanzania, na ukianza moja kwa moja na bushi utapunguza hizo 30,000.

Bushi za matairi makuu ya 6.00-6 fundi ameshaanza, tundu la beringi zake ni kubwa zaidi, nimemwachia beringi moja ya zamani apimie. Amesema Jumatano nikachukue, nitaenda mapema nisimame pembeni kama mara ile.